Bwana mifugo anataka nilime nyasi za babu nitie urea, Waingereza wanalipana wasitie. Nani yuko sahihi?

#1 Kijana wa Potwe
Wakuu salaam. Nina ekari sita za nyasi za asili huku Muheza, njia ya Potwe. Marehemu babu hakuwahi kulima pale. Alikuwa anachunga, kiangazi kikikaza anafyeka au moto unapita wenyewe. Udongo kichanga, umechoka, ukipanda mahindi yanatoka ya njano kama yana homa. Lakini masika ikikolea utakuta ukoka, vikunde vidogo vinavyotambaa chini, kivumbasi, na maua ya zambarau ambayo hata mama hajui jina lake. Ukichuchumaa ukatazama sehemu ya upana wa kanga, utahesabu mimea mpaka uchoke.

Bwana mifugo kaja juzi, kashika kiuno, kasema: piga trekta hii, panda nyasi za kisasa, Rhodes au brakiaria, tia urea kila ukikata, utauza hei, yaani majani makavu. Nikamwambia binamu yangu aliyeko Yorkshire. Akacheka, anasema huko serikali inawalipa wakulima wasitie mbolea kwenye malisho ya namna hii ili maua yasife.

Nina ng'ombe wanne wa maziwa na sina hela ya kuchezea. Nimsikilize nani?

#2 Chapati Mbili
Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuvi wa majani.

#3 Mama Ndama
Mwanangu wa Potwe, maua hayakamuliwi. Mimi nafuga Pongwe, najua ninachosema. Chotara ukimlisha nyasi tupu za porini mwezi wa tisa anakupa lita nne, na hizo kwa kubembeleza. Majani ya tembo uyakate yakiwa mafupi bado laini, pumba, mashudu kidogo, anapita kumi. Gari la maziwa linapima lita, halipimi rangi ya zambarau. Mpigie bwana mifugo arudi na trekta.

#4 Jicho la Pwani
"Maua hayakamuliwi". Mods uzi ufungwe, mama kamaliza.

#5 Mtanga Ughaibuni
Usifungwe. Mimi niko huku kaskazini mwa Uingereza na nimepita sana bonde la Swaledale, kijiji cha Muker. Yale malisho ya maua ni shamba la watu, kondoo na ng'ombe wanakula pale. Masika yao wanaondoa mifugo, majani yanaachwa yarefuke, yanatoa maua na mbegu, mwezi wa saba wanakata hei, kisha mifugo inarudi kula machipukizi. Urea hawatii kabisa. Asilimia 97 ya malisho kama hayo Ulaya nzima imekwisha, ndiyo maana wanalipwa yaliyobaki yasilimwe. Binamu yako hakukudanganya.

#6 Nyandadume
Mtanga Ughaibuni, uko sawa kwa sehemu. Hiyo asilimia 97 si ya Ulaya nzima, ni hesabu ya England na Wales, kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1980. Romania mpaka leo wana mabonde mazima wanakata kwa mundu.

Kwa mleta uzi: kuna shamba la majaribio linaitwa Rothamsted, pale Harpenden. Mwaka 1856 waligawa eneo moja la nyasi vipande vipande, vingine wakavitia mbolea tofauti, vingine hawakutia kitu, na wanaendelea hadi leo. Kipande kisichotiwa kitu kina aina za mimea takriban 40. Kipande kilichotiwa mbolea ya salfeti ya amonia mwaka hadi mwaka bila chokaa kimebaki na aina mbili tatu. Nyasi ndefu zimetawala, vidogo vimekufa. Ila majani yanayovunwa kwenye vipande vya mbolea nyingi ni mengi zaidi, na hapo ndipo Mama Ndama anaposhika mkwaju wake.

#7 Mama Ndama
Umeona? Majani mengi. Asante kijana, umenisaidia kujibu.

#8 Fundi Bomba
Nyandadume kwa nini lakini? Mbolea ni chakula. Watu wakila vizuri hawafi.

#9 Nyandadume
Hapo ndipo wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wengine wanasema ni mwanga. Ukitia naitrojeni, nyasi ndefu zinapanda haraka na kuwafunika wafupi. Mwaka 2009 watafiti wa Zurich walifanya kitu cha ajabu kidogo: ndani ya banda la vioo walitia mbolea, halafu wakaweka taa za tyubu chini, katikati ya majani. Mimea mifupi ikapona. Giza ndilo lililokuwa linaua.

Wengine wanasema taa si jibu lote. Pale Rothamsted ile salfeti imefanya udongo kuwa mchachu, pH imeshuka chini ya 4, na mimea mingi haivumilii hata ukiimulika na tochi. Kundi la tatu linasema kila mmea una ubingwa wake: huyu anavumilia uhaba wa fosforasi, yule uhaba wa naitrojeni, mwingine wa potashi. Ukimwaga kila kitu, mabingwa wote wanakosa kazi, anabaki mwenye mbio tu.

#10 Fundi Bomba
Kwa hiyo umaskini unaleta usawa. Nimeelewa kwa nini mtaa wetu una watu wa kila namna.

#11 Mzee wa Mkonge
Vijana nawasoma. Mmekwenda Uingereza mkapita Mkwaja bila kusalimia. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi pale miaka ya 1950, lengo ni nyama ya wafanyakazi wa mashamba. Ng'ombe aina ya Boran, maelfu. Mbung'o walikuwa kama mvua, ng'ombe wanaishi kwa sindano za kinga ya nagana, ugonjwa wa hao mbung'o. Ranchi imefungwa mwaka 2000.

Ninachotaka kusema ni kwamba nyasi za pwani ile zilikuwa safi ng'ombe walipokuwa wachache. Walipojaa, migunga ikaingia, ile yenye vibofu wanamokaa sisimizi, na kichaka cha miiba kiitwacho mkulagembe. Kampuni ikakata, ikachoma, vichaka vikarudi. Kwa hiyo, Kijana wa Potwe, adui yako si urea peke yake. Ng'ombe wengi mahali pamoja watakuletea msitu wa miiba.

#12 Jicho la Pwani
Shikamoo mzee. Swali dogo: Mkwaja si ndiyo Saadani? Na Saadani si imekuwa hifadhi ya taifa tangu enzi za Mwalimu? Hao ng'ombe walikuwa wanafuata nini hifadhini?

#13 Mzee wa Mkonge
Marahaba. Enzi za Mwalimu Saadani ilikuwa pori la akiba, na ranchi ilikuwa jirani upande wa kaskazini, kilomita za mraba 462. Hifadhi ya taifa imekuja mwaka 2005, ndipo ranchi ikamezwa. Soma kwanza, cheka baadaye.

#14 Morani Mstaafu
Mzee heshima yako, ila mimi wa Handeni sikubali kwamba ng'ombe ndiye aliyeleta miiba. Miiba inakuja moto ukizuiwa. Ng'ombe akila nyasi zote, moto unakosa cha kula, mche wa mgunga unapita utoto wake salama. Wamasai tulikuwa tunahama, nyuma tunawasha moto, nyasi zinakuja changa, kupe wamekufa. Ranchi ilikuwa na mipaka, ng'ombe wanakwenda na kurudi palepale. Kosa ni la uzio.

Na kupe je? Mleta uzi akiacha nyasi ndefu mpaka zitoe mbegu, ndigana kali itamtembelea.

#15 Mzee wa Mkonge
Moto Mkwaja ulikuwepo kila mwaka, Morani. Usiuambie uzi kwamba hatukuwa na viberiti.

#16 Nyandadume
Wote wawili mna kipande cha ukweli. Watafiti wa Uswisi walifanya kazi Mkwaja baada ya ranchi kufungwa. Udongo wa savana ile ni maskini, lakini kwenye maboma ya zamani, pale ng'ombe walipolazwa usiku miaka na miaka, samadi imeacha madoa yenye rutuba. Ukoka umejaa pale na ngiri wanapapenda kuliko kwingine. Ng'ombe alikula kotekote mchana akaja kujisaidia mahali pamoja usiku. Shamba kubwa likawa maskini zaidi, zizi likawa tajiri.

#17 Bi Mwangani
Hilo la zizi ni kweli tupu. Mwangani na mnavu ninaouza sokoni Ngamiani naukuta kwenye mazizi yaliyohamwa na nyuma ya majiko. Huko kichangani utakuta mchunga, na mchunga ni mchungu hasa. Kwa hiyo msiseme rutuba inaua kila kitu. Inategemea unataka mboga ipi.

#18 Chapati Mbili
Bi Mwangani mchunga kwa nazi na bamia, mwezi huu upo? Niachie mafungu mawili Ijumaa.

#19 Bi Mwangani
Upo. Njoo na kikapu chako.

#20 Nyuki Dume
Turudi kwenye uzi. Mimi nina mizinga Handeni. Sehemu wanapopanda nyasi za aina moja, nyuki wangu hawana la kufanya, nyasi haitoi nekta. Wanaishi kwa miti na hayo maua madogo ya chini, hasa ya jamii ya kunde. Mleta uzi akilima ekari zote sita anapoteza asali ambayo hajawahi kuihesabu. Mama Ndama atasema asali haikamuliwi, mimi nitamwambia inakamuliwa, tena bei yake inashinda maziwa.

#21 Mama Ndama
Nyuki Dume, mzinga mmoja unakupa asali mara ngapi kwa mwaka? Mimi nakamua asubuhi na jioni. Ada ya shule haisubiri maua ya kunde.

#22 Mkaidi wa Maramba
Mimi naona mnapamba umaskini. Udongo uliochoka ndiyo kiduha kinaupenda. Mashamba yetu ya mahindi Mkinga yana maua mazuri kweli, mekundu, yanang'aa. Ni kiduha hicho. Kinafyonza mizizi ya mahindi mpaka unavuna magunzi. Huo utajiri wa spishi peleka Ulaya.

#23 Nyandadume
Mkaidi, umegusa kitu bila kujua. Huko Uingereza wana ndugu wa kiduha, ua la njano, Rhinanthus, familia ileile ya mimea. Linafyonza mizizi ya nyasi vilevile. Wakulima wa zamani walilichukia kama wewe. Sasa wanaorudisha malisho ya maua wananunua mbegu zake na kuzipanda kwa makusudi, kwa sababu likizidhoofisha nyasi ndefu, maua mengine yanapata nafasi.

#24 Mkaidi wa Maramba
Wananunua kiduha?? Nina gunia zima, nipeni anwani.

#25 Jicho la Pwani
Tanga kweli waja leo waondoka leo, ila kiduha kilikuja kikapanga chumba.

#26 Mtanga Ughaibuni
Mkaidi usijaribu kutuma, utakamatwa na watu wa karantini ya mimea. Na tofauti ipo: lile la huku linafyonza nyasi wanazotaka zipungue, lako linafyonza ugali wako.

#27 Binti Makete
Habari za humu. Mimi nimeolewa Tanga ila kwetu Makete. Kitulo tunaiita Bustani ya Mungu. Orkidi peke yake ni aina 45, na uwanda mzima una aina za mimea zipatazo 350. Imekuwa hifadhi mwaka 2005, mwaka uleule wa Saadani aliotaja mzee. Kabla ya hapo palichungwa na sehemu fulani kulimwa, na shamba la ng'ombe wa maziwa la serikali lipo pembeni mpaka leo. Wazee wetu walichunga kondoo pale na maua hayakwisha. Kilichoyatikisa ni watu kuchimba viazi vya orkidi kupeleka Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kulima viazi mviringo. Kwa hiyo mifugo si lazima iwe shida, jembe ndilo baya. Ukishapindua udongo hayarudi upesi.

#28 Fundi Bomba
Dada Kitulo iko mita zaidi ya 2,500 juu, baridi ya kugandisha. Potwe kuna minazi. Unalinganisha barafu na chai.

#29 Binti Makete
Nalinganisha jembe na jembe, kaka. Jembe ni lilelile.

#30 Kijana wa Potwe
Asanteni wote, mmeninyima usingizi. Naongeza taarifa: kwa sasa nakata nyasi pale, napakia kwenye bodaboda, napeleka bandani nyumbani. Ng'ombe hawafiki shambani. Samadi yote inakwenda kwenye migomba na mihogo ya mama. Je, hiyo inaharibu au inatunza?

#31 Nyandadume
Hapo umetoa taarifa muhimu kuliko zote. Piga hesabu hii. Tani moja ya majani makavu yenye protini asilimia 7 inaondoka na naitrojeni kama kilo 11. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ukibeba tani mbili umebeba mfuko mmoja wa urea mgongoni mwa bodaboda. Umekuwa ukilichosha shamba la babu kwa ajili ya migomba, na ndiyo maana mahindi yanatoka njano na maua yanashamiri. Wale wa Swaledale wanafanya hivyohivyo, wanabeba hei inakwenda ghalani. Tofauti ni kwamba wao wanarudisha samadi kidogo, iliyooza, si kila mwaka. Na Rothamsted wanakata mara mbili kwa mwaka, hata vipande visivyotiwa mbolea, kwa hiyo kukata mara moja si amri ya Mungu.

#32 Mkaidi wa Maramba
Kwa hiyo anaiba kwa babu anamlisha mama. Familia nzuri hii.

#33 Reli ya Kati
Nakazia bandiko 31. Ndiyo maana kando ya reli kutoka Pongwe mpaka Muheza, watu wa banda wanapokata majani kila siku, maua ni mengi.

#34 Bi Mwangani
Umepita kwa treni au kwa miguu? Kando ya reli ni mbigili na takataka. Wanakata kabla hazijatoa mbegu, aliyebaki ni yule anayetambaa chini ya mundu. Tena angalieni gugu karoti. Huko Arusha limeingia kando ya barabara hivyohivyo, ng'ombe akila maziwa yanakuwa machungu.

#35 Mama Ndama
Nyandadume, nakuuliza kwa nia njema. Umetaja protini asilimia 7. Chini ya hapo vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinashindwa kazi, anakula anashiba na anakonda. Nyasi za asili zikishatoa mbegu ziko wapi, sita? Tano? Unamwambia kijana akate makapi ili nyuki wafurahi.

#36 Nyandadume
Swali la haki, mama. Nyasi zenyewe zikikomaa zinashuka chini ya 7, kweli. Vile vikunde vinavyotambaa vinapandisha kidogo, na vinakaa pale kwa sababu havijatiwa naitrojeni, vinajitengenezea vyenyewe. Ukitia urea wa kwanza kuaga ni vikunde. Lakini sitakudanganya kwamba ng'ombe wa lita kumi ataishi kwa hayo. Ng'ombe aliyekauka maziwa, mtamba, mbuzi, hao sawa.

#37 Morani Mstaafu
Ng'ombe wa kienyeji anaishi kwa hayo na anazaa. Tatizo lenu ni ng'ombe wa kizungu kwenye nyasi za Kidigo.

#38 Jicho la Pwani
Muheza ni Wabondei, Morani. Utapigwa.

#39 Fundi Bomba
Mimi nashauri agawe. Ekari mbili karibu na nyumba apande majani ya tembo na lusina, ile miti ya malisho, atie samadi yake yote pale. Nne aziache. Mifuko ya urea asinunue kabisa.

#40 Mzee wa Mkonge
Agawe, ila samadi isivuke mpaka, na maji ya mvua yasitoke kwenye mbili kwenda kwenye nne. Naitrojeni utaichosha kwa kukata miaka michache. Fosforasi ikishaingia kwenye udongo inakaa miongo, wajukuu wataikuta. Mashamba yaliyotiwa fosforasi zamani huko Ulaya ndiyo yanayowasumbua kurudisha maua.

#41 Mkaidi wa Maramba
Na mwenye ekari sita na madeni ya ada akiambiwa alinde ekari nne kwa ajili ya maua yasiyo na jina, nani anamlipa? Yorkshire kuna serikali inayotoa hundi. Hapa nani anatoa? Mpaka nijibiwe hilo mimi nipo na bwana mifugo na trekta lake.

#42 Nyuki Dume
Mizinga kumi kwenye hizo nne itamlipa.

#43 Mama Ndama
Mizinga kumi karibu na ng'ombe wa maziwa? Siku wakikasirika utakuja wewe kukamua?

#44 Kijana wa Potwe
Nimeongea na bwana mifugo leo. Anasema nikigawa atakubali, ila ile sehemu ya asili nikate mwezi wa tano mwishoni kabla nyasi hazijakomaa. Nyuki Dume anasema nisubiri mpaka wa saba maua yaanguke. Mwezi wa tano mvua bado, hei itaoza. Mwezi wa saba Mama Ndama anaita makapi.

#45 Mama Ndama
Kata wa sita katikati, mwanangu, siku ya jua kali. Robota nichukue mimi kwa ajili ya ng'ombe wangu aliyekauka maziwa. Bei usiniwekee ya Vikuge, lile shamba la serikali la malisho.

#46 Nyuki Dume
Wa sita katikati kikunde cha zambarau ndiyo kwanza kinafunga maganda. Acha ukanda usikatwe, kila mwaka mahali tofauti.

#47 Morani Mstaafu
Tumefika bandiko la 47 na la kupe hakuna aliyejibu.